Betri ya Bure Kwenye Sayari ya Barafu

Uchambuzi wangu ulianza hivi: "Aliyeandika episodi hii hajawahi kununiana na mtu hata siku moja." Niliona nimeanza vizuri. Mimi nikishaanza kwa kumtukana mwandishi, kazi yote inateremka yenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Lushoto mpaka nilipostaafu. Siku hizi nafuga ng'ombe mmoja, nalima karoti kwenye matuta matatu, na nachambua tamthilia za anga kwa ajili ya ukurasa wa burudani wa watu fulani wa Dar es Salaam. Majirani hawaelewi kabisa. "Yaani unaangalia TV, halafu unaandika kwamba umeangalia TV?" aliniuliza mama mmoja wa kwaya. Nikamwambia ndiyo mama, na wewe unaimba kwaya, halafu unakaa kuangalia video ya kwaya yenu. Aliondoka bila kuaga.

Sasa hiyo episodi. Manahodha wawili wa vyombo vya anga, wote wanawake, wamefukuzana tangu tamthilia ilipoanza. Mmoja kamchomea mwenzake ghala, mwenzake kamwibia ramani, na wametukanana kwenye redio kwa ufundi mpaka mimi nikawa nanakili matusi mengine pembeni ya daftari. Kwenye episodi ya kumi na tatu vyombo vyao vinagongana, wote wawili wanaangukia kwenye sayari ya barafu isiyo na mtu. Mwenye nywele fupi kavunjika mguu na anatoka damu. Mwenye nywele ndefu ni mzima. Wana roboti mmoja mwenye jicho moja, anayejua lugha zote za huko mbinguni, na redio moja yenye betri ya kupiga mara moja tu.

Dakika kumi, jamani! Dakika kumi tu na wameshaanza kusimuliana mambo ya utotoni. Sisi tunasema adui yako mwombee njaa. Wenzetu wanagawana oksijeni. Nikaandika yote. Nikaandika kwamba wamevaa vifulana vyepesi kwenye barafu, wakati mimi mwezi wa saba hapa navaa masweta mawili na kitenge juu. Nikaandika kwamba hakuna aliyekula wala kwenda chooni. Nikaandika kwamba yule mwenye nywele fupi ni mkubwa kwa umri, unaona kabisa usoni, na hajapewa shikamoo hata ya kulazimishwa.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni roboti. Wamepewa roboti anayejua lugha zote, halafu wanaongea moja kwa moja, uso kwa uso! Watu walionuniana kweli hawafanyi hivyo. Wangemtumia yule roboti mpaka jicho lake lizimike. "Mwambie huyo asogeze mguu wake." "Mwambie na yeye nimemsikia."

Halafu ukafika mwisho. Mwenye nywele ndefu anashika redio, na kila mwenye akili anajua atawaita watu wake waje kumwokoa. Hawaiti. Anampigia dada wa yule mgonjwa, ambaye naye ni adui, anamwambia, "Ndugu yako anakufa. Njoo." Betri inazima. Dada anakuja mbio na chombo chake, anafika, anakuta mgonjwa ameshakata roho. Kinanda kinalia, majina yanapanda. Nikaandika: "Betri ya bure! Dada hakumkuta, aliyepiga nusura agande, na sisi tumepoteza dakika hamsini. Na huo mtandao je? Sayari ya barafu ina mtandao mzuri kuliko Lushoto." Nikaisoma ile sentensi ya mwisho kwa sauti, nikacheka peke yangu sebuleni mpaka paka akashtuka.

Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuicheka, na nilijua hivyo wakati nacheka.

Ni hivi. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa hajasema na mimi kwa miaka miwili. Anakaa ng'ambo ya bonde letu. Nikisimama kwenye banda la ng'ombe naona moshi wa jiko lake, naye bila shaka anaona wangu. Na kutosema kwetu hakukuwa kwa ovyo, kulikuwa na taratibu zake. Shikamoo ilikuwa palepale, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu, na huku kwetu shikamoo hainyimwi mtu hata kama mmechomeana nyumba. Naye marahaba hawezi kuizuia. Kwa hiyo tulikuwa tunakutana kwenye njia ya kanisani, "Shikamoo," "Marahaba," basi, mlango umefungwa. Likiwepo jambo la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama tumesimama hatua mbili. Asipokuwepo mtu, kuna kuku. Asipokuwepo kuku, kuna ukuta.

Chanzo ni mimi. Nimechukua muda kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo yenyewe.

Mume wangu aliugua kifua siku tano. Wifi alikuwa amekwenda Amani, kwa binti yake anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai. Kabla ya safari, mbele ya wanawake wa kwaya, alisema kaka yake anakonda kwa sababu ameoa mke aliyeolewa na TV. Wenzake walicheka. Mimi nikanuna, na mimi nikinuna nanuna kwelikweli. Hali ya mume wangu ilipobadilika jioni, simu ilikuwa mkononi mwangu, imejaa chaji, vijiti vya mtandao vimesimama vyote. Nikasema nitampigia kesho, na yeye aonje. Aonje nini, sijui mpaka leo. Saa nne asubuhi mume wangu akafa. Nikachanganyikiwa, katibu wa kwaya akaweka tangazo kwenye kundi lao la simu, na wifi yangu akasoma habari za kifo cha mdogo wake katikati ya picha za sare mpya za kwaya.

Alipofika msibani aliniuliza swali moja tu. "Mbona hukunipigia?"

"Mtandao ulisumbua, wifi."

Milimani kwetu mtandao hubeba dhambi za kila mtu. Umechelewa kikaoni, mtandao. Hukumjulia hali mgonjwa, mtandao. Hakuna anayebisha, kwa sababu kesho na yeye atauhitaji. Wifi hakubisha. Aliniangalia tu, akageuka, na tangu hapo akawa anaongea na kuku wangu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata getini: tangazo la kwaya lilimfikia kule Amani kwa mtandao huohuo. Niliona aibu, nami aibu ikinishika huwa naandika vichekesho. Miaka miwili nilichekesha watu wa Dar es Salaam sana.

Sasa Mungu naye ana uchokozi wake. Kikundi chetu cha wafugaji kina desturi moja: ukipewa mtamba, ndama jike wake wa kwanza si wako, anakwenda kwa mwenzako anayefuata kwenye orodha, na yeye atafanya hivyohivyo kwa mwingine. Mtamba wangu alipopata mimba nikaenda kwa mwenyekiti kuangalia orodha. Anayefuata, wifi yangu. Mwenyekiti akajifanya anakohoa.

Kwa hiyo kila Jumamosi, kwa miezi yote tisa, wifi alivuka daraja la magogo kuja kumkagua ng'ombe. "Shikamoo." "Marahaba." Halafu ananipita, anaingia bandani na kumsalimia ng'ombe kwa Kishambaa, kwa upendo wote, "Onga mshi, mama," kisha anaendelea kwa Kiswahili ili mimi nisikose kitu. "Humu ndani wanakupa maji ya kutosha, au wako kwenye TV?"

Nami namwambia ng'ombe, "Mwambie ndoo mbili asubuhi, mbili jioni."

"Na majani ya gwatemala mbona yamekauka hivi?"

"Mwambie mgeni haji na maneno matupu. Akate ya kwake alete."

Jumamosi iliyofuata akaleta mzigo mzima wa gwatemala mbichi, akautupa mbele ya ng'ombe. Ng'ombe alinenepa kwa vita yetu ile kuliko ng'ombe yeyote kijijini.

Alianza uchungu Jumamosi moja ya masika, asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumua. Kulikuwa na maporomoko kwenye barabara ya Mombo, umeme umekatika, na bwana mifugo yuko Kwai, hana pa kupita. Nilikuwa nimesimama bandani na kitabu changu cha ufugaji, nakipekua kama mwanafunzi aliyeingia mtihani bila kusoma, wifi akaingia ameloa mpaka kwenye mifupa. Nikatoa shikamoo. Akaitikia huku anaangalia nyuma ya ng'ombe. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umetoka, wa pili hauonekani.

Alivua sweta, akapaka mkono mafuta ya kula mpaka kwenye kiwiko. "Umekunjika ndani," akamwambia ng'ombe. "Mwambie huyo aache kusoma, aje akushike."

Nikashika. Yeye akaingiza mkono, amefumba macho, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anaomba, au anatukana. Akamsukuma ndama nyuma, akaupata ule mguu wa pili, akaunyoosha taratibu, ng'ombe analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Tukafunga kamba. "Mwambie avute ng'ombe anaposukuma, si anapojisikia yeye!" Nikavuta. Nikateleza kwenye matope, nikakaa chini kwa makalio, nikaendelea kuvuta nimekaa hivyohivyo. Ndama akatoka kwa mkupuo, akaniangukia miguuni, hapumui.

Wifi akamfuta pua, akachukua unyasi akamchokoa nao puani. Hakuna kitu. Akamchokoa tena, akampiga ubavuni na kiganja, "Amka wewe, amka, nimekungoja miezi tisa!" Ndama akapiga chafya. Sisi wawili tukapiga kelele pamoja, na nusura tutazamane.

Kisha wifi akainua mguu wa ndama wa nyuma, akachungulia, akaushusha.

"Dume," akamwambia ng'ombe.

Dume si la mtu mwingine. Dume ni langu. Nilitaka kusema pole, lakini pole yenyewe nimwambie nani, ng'ombe? Wifi akanawa mikono, akavaa sweta lake lililoloa, akaondoka. Nusu saa baadaye akarudi. Alisimama mlangoni mwa jikoni kwangu akaliambia jiko, "Mwambie daraja limekwenda na maji."

Nikamwekea kigoda, nikampa kitenge kikavu, chai na makande ya jana. Vyote hivyo nilivifanya kimya, kwa heshima kubwa. Tukakaa. Wewe hujui kimya mpaka umekaa na wifi aliyenuna, mvua nje, na paka katikati.

Wakati huo mhariri wa Dar es Salaam, niliyekuwa nimeshamtumia uchambuzi ule, akatuma ujumbe. Uchambuzi ni mzuri sana, amecheka, ila angalia tena tukio la redio, hana hakika kama betri ilikuwa moja au mbili, na wasomaji wa tamthilia hizi ni wakali. Nilikuwa na episodi kwenye laptopu, na laptopu ilikuwa na chaji kidogo iliyobaki. Nikaona heri. Angalau kutakuwa na mtu anayeongea humu ndani.

Nilitaka kuruka moja kwa moja mpaka kwenye redio, lakini wifi alishavuta kigoda chake karibu, eti anaota moto, wakati moto uko upande wa pili. Nikaanzia pale wanapoanguka. Wanaongea Kiingereza, yeye Kiingereza hajui. Akamtazama paka.

"Wanasema nini hawa?"

Nikamwambia paka, "Mwambie ni maadui, wameanguka."

"Maadui? Mbona wanaongea?"

"Na mimi ndivyo nilivyoandika!" Ilinitoka. Nikageukia paka haraka. "Mwambie ndivyo nilivyoandika."

"Na huyo wa chuma anafanya kazi gani?"

"Hakuna."

"Ujinga," wifi akasema. "Wangemtuma huyo."

Nakiri roho yangu ilifurahi. Miaka yote hii nachambua tamthilia, na mchambuzi wa pili alikuwa ng'ambo ya bonde. Alishangaa vile vifulana. Aliuliza kama huko angani hawali. Alipomwona mwenye nywele fupi anatetemeka alisema mguu ule ungefungwa kwa juu, si kwa chini, na nina hakika yuko sahihi. Nikasahau kabisa kinachokuja. Hivyo ndivyo ninavyojitetea, lakini pengine sikusahau.

Mwenye nywele ndefu akashika redio. Laptopu ilikuwa imeshaanza kunionya chaji inaisha.

"Anampigia nani?" wifi akamuuliza paka.

Paka alikuwa ameshaondoka. Alikwenda zake kwenye majivu ya jiko la pili, akalala. Tukabaki sisi.

"Dada wa yule mgonjwa," nikaiambia hewa.

Kwenye kioo yule mwanamke akasema maneno yake, "Ndugu yako anakufa. Njoo," nami nikayatafsiri kwa sauti isiyo yangu. Barafu inapiga, upepo unavuma, taa ya redio inawaka kijani. Upande wa pili sauti ikajibu. Na hapo laptopu ikazima.

Wifi hakuondoa macho kwenye kioo cheusi.

"Kwenye barafu yote ile," akasema polepole, "simu imekwenda."

Mvua ilikuwa imepungua, nikawa nasikia maji ya paa yakidondoka kwenye pipa. Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha na nilikuwa nimeshachagua moja. Nikamwangalia. Alikuwa na damu ya ng'ombe iliyokauka shingoni, na amezeeka. Nilikuwa sijamtazama usoni miaka miwili.

"Wifi," nikasema, "mtandao ulikuwepo."

Akaweka kikombe chini.

"Siku ile. Mtandao ulikuwepo na chaji ilikuwepo. Nilikuwa nimenuna. Nilisema nitakupigia kesho."

"Najua," akasema. "Siku ile jioni katibu wa kwaya alituma picha za sare, moja baada ya nyingine, zote zikaingia. Nilikuwa nakungoja useme." Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua. Kisha akageuza kigoda, akaniuliza mimi, si paka wala jiko. "Na yule dada. Alimkuta?"

Unajua nilichotaka kusema. Nilitaka kusema alimkuta, alimkuta hai, wakashikana mikono. Nani angejua? Laptopu imezima, Kiingereza hajui, na lile lingekuwa jambo la huruma. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo yangu ya huruma.

"Hakumkuta, wifi. Alifika ameshakufa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikishiwa jambo.

"Hata mimi nisingemkuta," akasema. "Kutoka Amani ushuke mpaka Muheza, upite Korogwe, uje upande kutoka Mombo. Saa nne kaka yangu alishaondoka. Hilo nimelipigia hesabu usiku mwingi." Akavuta kitenge juu ya mabega. "Lakini ningekuwa njiani."

Nikalia. Nililia vibaya, na kamasi, kama mtoto aliyepigwa. Yeye aliniacha nilie kwa muda, kisha akasema nisimlilie yeye, nipashe chai. Nilipompa kikombe akakishika kwa mikono miwili. "Sijakusamehe," akasema. "Usije ukaandika huko kwenye mambo yako kwamba nimekusamehe." Kwa hiyo naandika hapa kama alivyosema: hakunisamehe. Alilala kwangu kwa sababu hakukuwa na daraja, na kesho yake vijana wa kijiji walipoweka magogo mapya akaenda kwake.

Umeme uliporudi niliangalia betri ya redio. Ilikuwa moja. Nikafuta "betri ya bure", nikafuta na kile kichekesho cha mtandao, na uchambuzi ukawa mfupi na mbaya. Mhariri akauliza kwa nini umechelewa, na kwa nini nimetoa sehemu iliyokuwa nzuri kuliko zote. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika "mtandao". Nikavisimamisha, nikaandika kwamba nilichelewa tu, na kwamba ile sehemu ilikuwa ya uongo. Kuhusu roboti sikubadilisha hata neno, maana pale tuko sahihi, mimi na wifi yangu.

Siku ya nne ndama akaanza kuhara. Ilikuwa mchana, nimesimama bandani, naona moshi wa jiko lake ng'ambo. Dume lile si lake na hatalipata. Hana sababu hata moja ya kuvuka bonde kwa ajili yake. Nikatoa simu mfukoni. Vijiti vya mtandao vilikuwa viwili. Nikampigia.

Ikaita mara moja tu.

"Shikamoo wifi, ndama ana..."

"Niko njiani," akasema.